Mayai ya Kware katika Nyumba ya Mlango Mmoja

Nimeisikia habari hii ikisimuliwa mara nyingi na watu ambao hawakuwapo, na kila mara imesimuliwa vibaya. Kuna wanaosema mayai yalioza. Kuna wanaosema niliyachemsha nikayala. Katika karamu moja ya kumuaga mstaafu mwenzangu, mtu mmoja alisimama na kudai kwamba nilitoboa paa nikatoroka kama mwizi wa mabati, na wageni wakacheka mpaka wakaviweka vikombe chini. Mimi nilikuwa nimeketi pale pale, tai shingoni, na hakuna aliyeona haja ya kuniuliza. Nimeitumikia serikali ya wakoloni na nimeitumikia serikali ya wananchi, na katika zote mbili kazi yangu ilikuwa kuhakikisha kwamba kilichotokea ndicho kilichoandikwa. Kwa hiyo naandika.

Mayai hayakuoza. Paa halikuguswa. Nilikataa kutoka mlangoni, hilo ni kweli, na sababu yake nitaieleza kwa ukamilifu.

Ilikuwa Kitale, miaka michache baada ya vita vya pili vya dunia. Nilikuwa karani katika ofisi ya kilimo. Mke wangu na watoto wetu wawili walikuwa nyumbani, upande wa Bungoma, karibu na soko la Myanga, na mimi nilikuwa nimepewa chumba katika nyumba za makarani: kuta za mawe, paa la bati, dirisha dogo lenye nondo, na mlango mmoja unaofungukia uani. Nilianza kuomba uhamisho wa kwenda Bungoma mtoto wa kwanza akiwa hajaota meno. Wakati ninaouzungumzia, mtoto huyo alikuwa amekwisha kuanza kuchunga ndama. Wa pili alinijua kwa kuambiwa. Nilipokwenda likizo alijificha nyuma ya mama yake na kumuuliza, kwa sauti ambayo alidhani siisikii, mgeni huyu ataondoka lini. Siku ya kuondoka ilikuwa imepangwa na ofisi.

Mkubwa wetu alikuwa Mzungu ambaye kila mtu alimwita Bwana Shamba. Hakuwa mtu mkatili. Alikuwa mtu wa mawazo mapya, na mawazo mapya ya mkubwa ni mzigo wa aliye chini yake. Mlowezi mmoja aliyekuwa akihama wilaya alimwachia mashine ya kuangulia mayai: sanduku la mbao lenye miguu minne, mlango wa kioo mbele, taa ya mafuta ubavuni iliyopasha moto bomba la maji, na kipimajoto kilichoning'inia ndani. Mlowezi alikuwa akiangulia vifaranga vya kuku. Bwana Shamba hakutaka kuku, maana kuku kila mtu alikuwa nao. Alitaka kwenda kwenye maonyesho ya wakulima na vifaranga vya kware vilivyototolewa na mashine, kitu ambacho hapana mtu aliyekuwa amekiona katika sehemu zetu.

Akaniita ofisini kwake.

"Karani, watu yako ya Bungoma najua hii ndege sana."

"Tunajua kumtega, Bwana. Kumwangua hatujawahi."

"Kutega, kuangua, ni ndege ile ile."

Haikuwa ile ile. Kwetu, mwanaume aliyejiheshimu alikuwa na nguzo ndefu mbele ya boma, na juu ya nguzo hiyo alitundika vikapu vya kware madume. Kabla ya mapambazuko madume hao huimba, na kware wa porini wakisikia hushuka katika nyasi zilizotegwa vitanzi. Kware anayenaswa hufungiwa kikapuni, naye huimba, naye huwaita wengine. Jike akifungiwa hutaga, lakini hataatamia. Baba yangu alisema kware jike akiwa kifungoni hayatambui mayai kuwa ni yake. Ndiyo sababu, katika vizazi vyote vya watu waliowala na kuwasikiliza ndege hawa, hapakuwa na mtu aliyewahi kuwa na kifaranga cha kware nyumbani. Nilimweleza Bwana Shamba mambo hayo yote kwa utaratibu. Akasema vizuri, ndiyo maana mashine iko.

Kisha akasema neno lililonifanya niache kueleza. Karani wa ofisi ya Bungoma alikuwa anastaafu. "Hii kazi ikitengenea, mimi naandika barua wewe uende." Alilirudia, nami si mtu wa kusikia vibaya.

Mashine ikaletwa chumbani kwangu. Ghala la ofisi lilikuwa na panya na upepo, na mlinzi wake hakujua kusoma kipimajoto. Bwana Shamba alikikagua chumba changu, akagonga ukuta wa mawe, akafunga mlango na kuufungua, akaridhika. Joto halitatoka, alisema. Kitanda changu kikasogezwa ukutani, meza ikawekwa juu ya kitanda wakati wa mchana na kushushwa usiku, na mashine ikachukua nafasi ya katikati kama mgeni wa heshima.

Mayai yaliletwa na vibarua wa mashamba ya kule Kachibora, waliokuwa wakiyakuta kwenye nyasi wakati wa palizi. Yalikuwa madogo, ya rangi ya udongo, yenye madoa kana kwamba mtu amepita karibu nayo na gari siku ya mvua. Waya za trei zilikuwa zimetengenezwa kwa mayai ya kuku, na yai la kwanza nililoliweka lilipenya katikati ya waya likapasuka. Nikakata blanketi langu nikatandika kipande juu ya trei. Nikalitia kila yai alama ya penseli upande mmoja, ili nijue lipi nimeligeuza na lipi bado. Kwa yai la kuku, mtu hulishika mbele ya taa na kuona kama ndani kuna uhai. Yai la kware lina madoa mengi, halioneshi kitu. Kwa hiyo nilitunza mayai yale bila kujua kama natunza ndege au natunza mawe.

Amri ya Bwana Shamba ilikuwa kwamba nisitoke, isipokuwa kwa haja ya mwili. Joto likizidi, vifaranga vitakufa, likipungua, vitakufa, maji ya bakuli la chini yakikauka, ganda litakuwa gumu na vitafia humo. Majalada yalinifuata kutoka ofisini mchana na kurudi jioni. Nilijibu barua za serikali nikiwa nimeketi kitandani, jicho moja kwenye zebaki. Chumba kilinuka mafuta ya taa, na mimi nikanuka mafuta ya taa, na hata ugali ulikuwa na ladha hiyo. Kupitia dirishani niliweza kuona bomba la maji la uani na sehemu ya uzio wa miti ya kayaba. Nilimaliza siku nyingi nikitazama nani anachota maji.

Jirani yangu wa chumba cha pili alikuwa dresa wa hospitali, mtu wa pwani, mcheshi kupita kiasi. Kila asubuhi alipita dirishani.

"Mama kuku, umeamkaje?"

"Salama."

"Uchungu haujaanza?"

"Bado."

"Ukianza niite. Mimi ni mtu wa hospitali, nitakupokea mtoto."

Nilimjibu kwa adabu kila mara, kwa kuwa ndiye aliyeninunulia chakula sokoni. Lakini maneno yake hayakubaki uani. Yalipita njia ya maneno yote, kwa wapanda basi na wauza mahindi, na kila aliyeyapokea aliondoa mzaha na kuacha yaliyobaki. Yalipofika soko la Myanga yalikuwa hivi: karani yule wa Kitale amefungiwa ndani, hatoki, analetewa chakula dirishani.

Ni lazima nieleze kwa nini watu walisadiki. Miaka ile watu wa kwetu walikuwa wakitazamwa na serikali kwa jicho baya. Wanaume walichukuliwa kwa kusali mahali pasiporuhusiwa au kwa kukutwa katika kundi, na baadhi yao hawakurudi kwa muda mrefu. Mke wangu alipoambiwa kwamba mumewe amefungiwa, hakuwa na sababu ya kudhani ni mayai. Alikuwa mja mzito wa mtoto wa tatu na hakuweza kusafiri katika basi. Aliyesafiri ni mama yake.

Nilimtambua kwa sauti. Asubuhi hiyo nilikuwa nimepiga magoti mbele ya kioo, kwa kuwa yai moja lilikuwa limepata ufa mdogo kama wa kucha, na ufa ulikuwa ukisogea. Nikasikia uani mtu akipiga hodi, na dresa, ambaye alikuwa anajitayarisha kwenda kazini, akiitikia.

"Karibu, mama. Unamtafuta nani?"

"Natafuta mtu ya ofisi ya shamba. Yule wa kwetu."

"Wapo wengi. Jina lake nani?"

"Hiyo jina mimi siwezi kutaja."

"Hulijui?"

"Nalijua kuliko wewe."

Niliondoka karibu na dirisha nikajibana ukutani, kando ya kitanda.

Kwa msomaji ambaye si wa kwetu, nitaeleza. Mwanaume na mama mzaa mke hawatazamani usoni. Hawapeani mkono, hawali pamoja, hawaitani kwa jina. Wakikutana njiani, mmoja huingia kichakani mpaka mwenzake apite. Wasiojua huita jambo hili woga, na wengine huita ushenzi. Ni heshima. Mwanamke yule amekupa mtoto aliyemzaa, na hakuna salamu iliyo kubwa ya kutosha, basi mnaacha kusalimiana. Mtu anayeivunja heshima hiyo hatozwi faini ndogo wala kusemwa siku moja. Hupoteza uso wake katika nyumba ya wakwe, na mke wake huupoteza pamoja naye.

Dresa alimwonyesha mlango wangu. Nikasikia nyayo zake, nikasikia mzigo ukitua, kisha akaketi kwenye kizingiti. Chini ya mlango palikuwa na mwanya ambao mwanga hupitia. Mwanga ule ukazimika.

"Baba," alimwambia dresa, "ongea na huyo iko ndani. Mwambie nimekuja kusikia sauti yake tu. Watu ya Myanga wanasema amefungwa. Binti yangu halali."

"Si useme naye mwenyewe, mama? Mlango huo hapo."

"Wewe ongea."

Dresa akaja dirishani, macho yamemtoka kwa furaha ya mtu aliyepata jambo la kusimulia. "Umesikia?"

"Nimesikia. Mwambie niko salama. Mwambie sikufungwa."

"Anasema hakufungwa, mama."

"Kama hakufungwa, kwa nini hatoki?"

"Anauliza kwa nini hutoki."

"Mwambie nina kazi ya serikali."

"Ana kazi ya serikali."

"Ni kazi gani ya serikali mtu anafanya na mlango umefungwa?"

Dresa hakunirudishia swali hilo. "Anaatamia mayai, mama," akasema, na akaenda zake hospitali akicheka mpaka nje ya ua.

Nikangoja mama mkwe aondoke, kwa kuwa alikuwa amepata alichokijia, sauti yangu. Badala yake nikamsikia akiambia hewa kwamba miguu imevimba, basi la kurudi ni la mchana, atapumzika hapo mpaka miguu ikubali. Nikajua kwamba sitatoka chumbani kabla ya mchana.

Hilo peke yake ningelivumilia. Lakini mafuta ya taa, kwa hofu ya moto, sikuyaweka chumbani. Debe lilikuwa katika jiko la jumla, upande wa pili wa ua, na saa ya kujaza taa ya mashine ilikuwa imekwisha kufika wakati dresa anaondoka. Makarani wengine walikuwa kazini. Uani hapakuwa na mtu ila yeye aliyekuwa mlangoni, na kumtuma mama wa mke wangu akaniletee mafuta kama mtumishi ni jambo ambalo hata sasa, nikiliandika, kalamu inasita.

Nikayamimina mafuta yote yaliyokuwamo katika taa yangu ya chemni ndani ya taa ya mashine. Yalikuwa machache. Nikapunguza utambi. Nikaifunika mashine kwa kilichobaki cha blanketi, kisha kwa koti langu la kazi, kisha kwa shuka, nikaacha wazi kioo tu na tundu la hewa. Zebaki ilishuka kidogo, ikasimama, ikashuka tena. Nilisimama mbele ya kioo na shati la ndani, katika chumba cha upana wa hatua chache, na Bungoma yangu yote ilikuwa ndani ya sanduku lile ikipoa. Kutoka kulikuwa rahisi kama kuinua komeo. Hakuna askari aliyeushika mlango. Nimewahi baadaye kukaa rumande kwa kosa la mtu mwingine, na nathibitisha kwamba huko nilikuwa na nafuu, kwa maana huko mlango ulifungwa na watu wengine.

Kifaranga cha kwanza kilitoka pasipo mtu wa kukiita. Ganda lilikatika duara, kama kifuniko kilichokatwa kwa kisu, na kikasukuma kwa miguu, kikalala juu ya blanketi, kimelowa, cheusi, si kikubwa kuliko kidole gumba. Nilidhani kimekufa. Kikainua kichwa. Kilipokauka mgongo wake ulikuwa na mistari ya manjano na kahawia, na kikaanza kulia, sauti nyembamba iliyozidi ukubwa wa mwili wake. Yai la pembeni likajibu kutoka ndani. Kisha jingine. Nilikuwa mtu mzima, karani wa daraja la pili, na nilitaka sana kumwambia mtu.

Nje, mama mkwe alikiambia kizingiti: "Ndege wanalia."

Hakuniambia mimi. Ni muhimu jambo hili lieleweke. Aliliambia jiwe alilolikalia.

Nami nikaiambia taa: "Wameanza kutoka."

"Kumbe watu ya Myanga hawakudanganya yote," akakiambia kizingiti.

"Wamo wengi," nikaiambia taa. "Mafuta yanapungua, lakini wamo wengi."

Sikuongeza, kwa sababu nilihisi tumefika ukingoni mwa yanayoruhusiwa. Hivyo ndivyo tulivyokuwa, yeye akitazama ua na mimi nikitazama kioo, ubao mmoja katikati, tulipoisikia motokaa.

Bwana Shamba alikuja na Wazungu wawili wa kamati ya maonyesho. Alikuwa amewaahidi kitu, na alitaka wakione kikitoka mlangoni mikononi mwa karani wake, nje, kwenye mwanga.

"Karani. Leta trei hapa."

"Bwana, karibuni ndani," nikajibu. "Vifaranga vimeanza kutoka. Havifai kupigwa na upepo."

"Sitaki ndani, ndani ni kama shimo. Toka."

"Siwezi kutoka, Bwana."

Neno hilo halikuwa neno la kumwambia Bwana Shamba mbele ya wenzake.

"Wewe mgonjwa?"

"La, Bwana. Mama mkwe wangu yuko mlangoni."

Akawatafsiria wageni wake, na wakacheka, na yeye hakucheka. Aliamuru mara ya pili. Nilikuwa nimeshika komeo kwa mkono wa kulia. Nililifikiria jambo lile kwa haki, upande huu na upande huu, kama nilivyofundishwa kupima madai. Nikitoka, nitapata barua, nitahamia Bungoma, nitaishi na mke wangu na watoto wangu, katika kijiji ambacho kila mtu atajua kwamba niliuruka mwili wa mama mkwe kizingitini ili kumpendeza Mzungu. Nisipotoka, nitabaki na heshima ya kwetu, na nitabaki nayo Kitale, peke yangu. Njia zote mbili zilinirudisha chumbani mle. Nikauacha mkono palepale, sikulivuta komeo wala sikuliachia.

"Mama," Bwana Shamba akasema, "ondoka kwa mlango. Upesi."

"Mimi sijakaa kwa njia ya mtu," mama mkwe akasema, bila hasira. "Nimempa mgongo. Atoke na mlango ya nyuma."

"Nyuma hapana mlango."

"Ati?"

"Nyumba hii iko na mlango moja tu."

Sijui alitazama nini, ukuta au paa au miguu yake iliyovimba. Nilisikia tu pumzi. "Na mtu mzima anakaa ndani yake," akasema.

Hapo ndipo nilipoelewa. Kwetu hakuna nyumba ya mtu mwenye familia isiyo na mlango wa nyuma. Alikuwa ameketi mbele, mgongo wake kwangu, kwa makusudi ya heshima, ili niende na kurudi kwa upande wa pili bila kuonana naye. Asubuhi nzima alikuwa akinilinda, na asubuhi nzima nilidhani amenizingira.

Alisimama. Nilimsikia akijitanda leso, akiinua mzigo, na nyayo zake zikaenda polepole kuelekea kwenye uzio wa kayaba. Mwanga ukarudi chini ya mlango. Nikahesabu pumzi za kutosha mpaka nikawa na hakika amepita pembe, ndipo nikatoka na trei, nimeifunika kwa koti.

Vifaranga vingi vilikuwa hai. Vingine viliendelea kutoka mchana ule baada ya mafuta kuletwa, na vilivyofia ndani ya maganda vilikuwa vichache kuliko tulivyotarajia. Naliandika hili kwa mkazo, kwa sababu ndilo linalopotoshwa zaidi. Kazi niliyopewa niliitimiza. Wageni waliinama wakavitazama, wakavigusa kwa ncha za vidole, wakasema maneno ya kupendezwa. Bwana Shamba alipendezwa navyo pia. Alipoinua macho na kunitazama mimi, kupendezwa kulikuwa kumekwisha.

"Barua ya Bungoma," nikamkumbusha siku iliyofuata, ofisini, nikiwa nimesimama wima.

"Karani, mtu hawezi kutoka mlango yake mwenyewe, atafanya kazi Bungoma namna gani? Bungoma yote ni mama mkwe."

Alilipenda neno lake hilo akalirudia mbele ya wengine, na nadhani ndilo lililozaa uongo wote uliofuata. Kware walikwenda kwenye maonyesho ndani ya kizimba chenye kibandiko cha jina lake, wakapata utepe wa ushindi. Nafasi ya Bungoma ilipewa karani kutoka wilaya nyingine, mtu mzuri, asiyekuwa na mtu wa kumtembelea huko. Sikulalamika kwa maandishi. Nilipaswa kulalamika, na najuta.

Wiki chache baadaye, jioni, nikitoka kazini, nilimkuta mke wangu ameketi nje ya chumba changu. Watoto wote wawili walikuwapo, na sufuria, na godoro lililofungwa kwa kamba, na tumbo lake lilikuwa limemtangulia. Nilimuuliza nani amemruhusu kusafiri katika hali ile.

"Mama amenituma," akasema. "Amesema serikali haikuachii, basi tukufuate."

"Hapa hapatoshi."

"Najua. Alinipimia." Akanyoosha mikono kuonyesha upana ambao mama yake alikuwa amemwonyesha, na haukukosea sana.

Yule mdogo alikuwa akinitazama. Sikumsogelea, nikamwacha anitazame mpaka alipochoka.

Tulilala wanne katika nafasi iliyokuwa ya mtu mmoja na mashine, na kabla mwaka haujaisha tukawa watano. Kulikuwa na joto, kulikuwa na kelele, na mtu akitaka kugeuka usiku ilibidi wote wageuke. Kanuni za nyumba zilimruhusu mke wa karani kumtembelea mumewe kwa muda mfupi, na msimamizi wa nyumba alikuwa mtu wa kanuni, kama mimi. Alikuja na kalamu sikioni, akamkuta mke wangu akianika nepi kwenye uzio wa kayaba.

"Mama, wewe ni mgeni hapa?"

"Ndiyo. Nimekuja kumtembelea bwana yangu."

"Mpaka lini?"

"Mpaka ahamishwe."

Msimamizi aliona jibu lina mantiki, akaliandika kama alivyoambiwa. Sikuhamishwa. Watoto wetu wengine wote walizaliwa Kitale, mama yao akiwa bado mgeni.